Kaka anataka kuhamia mferejini

Wandugu, nimeadimika kwa majuma kadhaa. Nilikuwa likizo, na sehemu kubwa ya likizo hiyo niliitumia nikiwa nimeinamisha shingo ndani ya boti za watu, nikichungulia chini ya vitanda vyao na kunusa vyoo vyao. Nitaeleza.

Kaka yangu ni muuguzi London. Ana miaka sita huko, na miaka yote sita amepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya watu watano, chumba ambacho siku hizi kinamla pauni 900 kwa mwezi. Mwezi Januari 2025 alinitumia picha kwenye simu. Boti ndefu, nyembamba, ya kijani, imefungwa kando ya mfereji, na juu ya paa kuna baiskeli na magunia ya makaa ya mawe. Chini yake kaandika: "Dogo, nimepata nyumba."

Nikacheka. Halafu nikakumbuka kwamba alikuwa na akiba ya pauni 41,000, na kwamba sehemu ya akiba hiyo ina mwenyewe. Nyumba ya Mama pale Tanga imeishia kwenye lenta tangu 2021. Matofali yameota kuvu, mbuzi wa jirani wanalala sebuleni, na kila mwaka tunaambizana kwamba mwaka huu tutapaua. Kicheko kikaisha.

Mama alipoambiwa hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Babu, yaani baba yake, alikuwa fundi wa majahazi. Mama akasema taratibu: "Baba yangu kaunda vyombo maisha yake yote, na kila jioni alirudi kulala nyumbani." Kisha akanigeukia mimi: "Nenda kamwone nduguyo. Kama ni wazimu, mrudishe. Kama si wazimu, nieleze nielewe."

Nauli alitoa kaka mwenyewe. Habari ya viza nitaiandika siku nikiwa na hasira ya kutosha. Katikati ya Februari nikawa London, na baridi yake mnaijua au mmeisikia.

Kwanza niwaeleze hicho chombo chenyewe, maana nilipowasimulia jamaa wa chumba cha habari walidhani nazungumzia boti kama zile za Zanzibar. Siyo. Ni sanduku refu la chuma lenye injini ya dizeli nyuma. Upana wake hauzidi futi saba, yaani mita 2.1 hivi. Ndani, ukishaondoa kuta na mbao, unabaki na upana pungufu wa Coaster ya Mbagala. Urefu ndio unaotofautiana: kuna za futi 30, kuna za futi 70. Zile za futi 57 zinapendwa sana kwa sababu zinapita karibu kila mahali nchini humo, na hiyo ni kama Coaster mbili na nusu zilizounganishwa. Vaa suruali yako asubuhi ndani ya Coaster huku mwenzako akipita kwenda kuchemsha chai, ndipo utanielewa.

Wembamba huo haukuja hivihivi. Waingereza walianza kuchimba mifereji ya aina hii kwa kasi baada ya 1761, pale mfereji wa mtawala wa Bridgewater ulipoanza kushusha makaa ya mawe kutoka machimbo ya Worsley kwenda Manchester. Fundi mkuu alikuwa James Brindley. Mifereji iliyofuata ilipovuka vilima ikahitaji malango ya maji, na malango hayo yakajengwa membamba ili kubana gharama na maji. Boti zikaundwa kwa kipimo cha lango. Farasi mmoja alikuwa anavuta tani 25 hadi 30 akitembea kando ya maji. Baadaye reli ikaja ikawanyang'anya mizigo, malipo ya mabaharia wa mferejini yakashuka, na wengi wakashindwa kulipa kodi za nyumba. Wakafanya nini? Wakahamishia wake na watoto ndani ya boti, kwenye kichumba cha nyuma chenye urefu wa futi kumi hivi. Nilimsomea kaka habari hiyo kwa sauti. Akasema, "Kumbe mimi si wa kwanza," akaendelea kula.

Boti ya kwanza tuliyokwenda kuiona ndiyo ile ya kijani ya kwenye picha. Futi 50, bei pauni 36,000, rangi mpya inang'aa, mapazia mapya, na mwenyewe mchangamfu kupita kiasi. Alitutengenezea chai. Akasema boti ina cheti cha usalama cha miaka minne, leseni yake bado ina miezi saba, na mahali ilipofungwa ni pazuri, karibu na stesheni, na patakuwa petu. Kaka alikuwa ameshaanza kupima kwa macho mahali pa kuweka runinga.

Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali, hata kama siku nyingi majibu hayachapwi. Usiku ule tulikaa na kompyuta tukasoma, na tulichokipata kilitunyima usingizi. Cheti cha usalama kinahusu gesi, umeme, mafuta na hatari ya moto. Kuhusu hali ya chuma cha tumbo la boti hakisemi neno. Unaweza kuwa na cheti safi kabisa na chombo kinachokaribia kutoboka. Leseni nayo haiuzwi pamoja na boti: mnunuzi anaomba yake. Na mahali pa kufunga boti ni mkataba kati ya mwenye boti na mwenye gati, kwa hiyo yule bwana alikuwa anatugawia kitu kisicho chake. Tulipompigia mwenye gati akatujibu kwamba kuna orodha ya wanaosubiri, na tena pale haparuhusiwi kuishi, ni pa kuegesha tu.

Kubwa zaidi ni karatasi za umiliki. Gari lina kadi, kiwanja kina hati, lakini boti ya mferejini haina daftari moja la lazima la serikali linaloonyesha mwenyewe ni nani. Leseni si ushahidi wa umiliki. Kinachobaki ni mlolongo wa hati za mauziano: huyu alimuuzia huyu, huyu akamuuzia yule, pamoja na stakabadhi za matengenezo na uthibitisho kwamba hakuna mkopo unaoidai. Tulipomwomba yule mchangamfu hati ya yeye kununua, uchangamfu ukapungua. Mara iko kwa mke wake wa zamani, mara imelowa maji. Akataka tulipe pauni 2,000 za kushikilia boti, fedha taslimu, bila maandishi. Kaka, na nasema hili kwa kumpenda, alikuwa tayari kulipa. Mtu mwenye shahada, anayehesabu dawa za wagonjwa mahututi bila kukosea, alikuwa tayari kumpa mtu asiyemjua fedha za mabati ya Mama kwa sababu ya mapazia! Tuligombana kwenye basi mpaka abiria wakageuka kutazama. Hatukulipa.

Wiki hiyo nililala siku nne kwenye boti ya muuguzi mwenzake kaka, mama mmoja wa Kighana aliyekuwa amesafiri. Alisema mtu asinunue boti kabla hajalala humo wakati wa baridi, na nakubaliana naye kwa asilimia mia. Julai kila mtu anapenda boti.

Nianze na choo, maana ndicho kila mtu anachotaka kuuliza na anaona haya. Kuna aina tatu kuu. Kuna chenye tangi kubwa chini ya sakafu, ambalo unalipia kunyonywa na mashine. Kuna kinachotenganisha haja ndogo na haja kubwa, hiyo kubwa ikakaushwa kwa machujo ya mbao au nyuzi za kumbi la nazi. (Kumbi la nazi! Nilimwambia kaka, pale Tanga tunalitupa.) Na kuna cha kasha, ambacho ndicho alichokuwa nacho yule mama. Kasha linabeba lita 20 hivi, na likijaa unalichomoa kama droo, unalipakia kwenye kitoroli, unapita nalo mbele za watu wanaokimbia mazoezi, mpaka kwenye kituo maalumu cha kumwagia. Niliifanya kazi hiyo siku ya tatu, saa mbili asubuhi, mvua inanyesha, na kituo kilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Njiani mzungu mmoja akaniamkia kwa furaha, na yeye anasukuma la kwake. Inaelekea kuna undugu fulani katika jambo hilo.

Maji ya kunywa na kuoga yako kwenye tangi mbele. Unalijaza kwa mpira kutoka kwenye bomba la kando ya mfereji, na linaweza kuchukua saa nzima au zaidi kujaa. Sisi tuliozaliwa kwenye mgao wa maji hatuna cha kujifunza hapo. Nilioga kwa lita saba na hakuna aliyenifundisha. Umeme ndio mtihani. Unatoka kwenye betri, na betri zinajazwa na sola iliyoko juu ya paa au na injini. Mwezi Februari jua la London ni la kuonyeshwa wageni tu, kwa hiyo kila siku niliwasha injini karibu saa mbili ili nipate taa, pampu ya maji na chaji ya simu. Nako kuna sheria: ukiwa umefunga boti, injini haitakiwi kuunguruma kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi. Nikichelewa kurudi, nalala gizani na ile simu yangu ya asilimia tisa.

Joto linatoka kwenye jiko dogo la chuma la makaa ya mawe. Likiwaka vizuri unatoa shati. Likizimika usiku unaamka pumzi yako inaonekana kama moshi, na kuta zinatoka jasho. Maji yanatiririka kwenye madirisha, yanaingia nyuma ya godoro, na godoro linaota kuvu usipoliinua. Tena jiko hilo linaua. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na tangu Aprili 2019 king'ora chake ni sharti la kupata kile cheti cha usalama. King'ora cha yule mama nilikibonyeza kila usiku kuhakikisha kwamba kinalia, kama mtu anayekagua kama amefunga mlango.

Hayo yote nilimweleza Mama kwa simu, pamoja na choo. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza swali ambalo sisi wasomi wawili tulikuwa hatujalipa uzito: "Tumbo lake mmeliona?"

Akaeleza kwamba babu hakuwahi kukubali kukadiria bei ya chombo kikiwa majini. Kilipwelezwa kwanza wakati wa bamvua, maji yakapwa, kikabaki kimelala mchangani, ndipo akapita nacho ubao kwa ubao akigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Palipooza palilia tofauti. Ndipo kikatiwa kalafati upya, kikapakwa deheni, kikarudi majini. "Rangi ya juu," akasema Mama, "ni ya wanawake wanaosubiri bandarini."

Sasa nisikilizeni. Wiki iliyofuata kaka alipata boti ya pili, futi 57, iliyoundwa mwaka 1994, bei pauni 39,500, inauzwa kupitia dalali mwenye ofisi na mkataba. Safari hii alitoa pauni 1,000 za kushikilia kwa maandishi, kwa sharti kwamba ukaguzi ukionyesha kasoro kubwa anarudishiwa. Tukaajiri mkaguzi wetu wenyewe, si wa dalali wala wa muuzaji, na boti ikainuliwa majini. Mkaguzi na winchi vilikula karibu pauni 900. Kaka alilalamika njia nzima kwamba ni mwezi mzima wa kodi.

Mkaguzi alikuwa mzee mfupi mwenye ovaroli iliyochoka. Kitu cha kwanza alichotoa kwenye mfuko wake kilikuwa nyundo ndogo. Akaanza kupita nayo pembeni mwa boti, akigonga na kusikiliza. Nilisimama pale na baridi yangu nikashindwa kusema kitu. Baada ya hapo alikwangua rangi sehemu sehemu, akaweka kifaa kinachopima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, na kila kipimo akakiandika kwa chaki palepale kwenye ubavu.

Boti nyingi za miaka hiyo ziliundwa kwa bamba la milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 kwenye paa. Chini ilikuwa nzuri, 9 na ushei. Ubavuni, juu, 5.7, 5.6. Lakini pale maji yanapokutana na hewa, kwenye mstari ule ambao chuma hulowa na kukauka kila siku, namba zikaanza kushuka: 4.6, 4.1, 3.8. Sehemu moja karibu na injini, 3.3. Kaka alikuwa anazisoma kwa sauti, na kila namba sauti yake ilishuka.

Mzee akatueleza. Tumbo la chuma hupakwa lami kila baada ya miaka miwili au mitatu, na hiyo ndiyo deheni yao. Boti hii ilionekana kuruka zamu kadhaa. Pili, kwenye ubavu hufungwa vipande vya magnesi ambavyo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya chuma. Hivi vilikuwa vimekwisha zamani, vimebaki vishikizo. Tatu, boti ilikaa miaka mingi kwenye gati ikiwa imechomekwa umeme wa nchi kavu bila kifaa cha kutenganisha, na mkondo mdogo uliokuwa unapita kati yake na boti za jirani ukawa unakitafuna chuma polepole. Kwa hiyo umeme ule rahisi wa kuchomeka, ambao tangazo liliusifia, ndio ulioshiriki kuila.

Kampuni nyingi za bima hazipendi unene ulio chini ya milimita 4, na bila bima hupati leseni. Dawa yake ni kuchomelea mabamba mapya juu ya yale ya zamani. Mzee alikadiria pauni 9,000, labda zaidi. Muuzaji akakubali kupunguza 3,000. Kaka akakaa juu ya ndoo pale uwanjani, akawasha kikokotoo cha simu, akakokotoa, akazima, akawasha tena. Sikumwambia kitu. Kuna wakati ndugu anahitaji umwache akokotoe.

Pauni 1,000 zilirudi, kwa sababu karatasi ilisema zirudi.

Ningeweza kuishia hapo nikamrudisha kwenye chumba chake kama Mama alivyoagiza. Ila kulikuwa na jambo jingine nililolihofia zaidi ya kutu, nalo ni sheria ya siku kumi na nne. Kwa Sheria ya mwaka 1995 ya mifereji ya Uingereza, mwenye boti ana njia mbili. Ama awe na mahali pa kudumu pa kuifunga, na London mahali hapo panagharimu maelfu ya pauni kwa mwaka ukipata bahati. Ama asiwe napo, lakini basi boti lazima iwe safarini kwa kweli, isikae sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo. Sehemu nyingine za katikati ya jiji muda ni mfupi zaidi. Wala hairuhusiwi kusogea mita mia mbili na kurudi. Canal & River Trust, shirika ambalo tangu 2012 linasimamia maili 2,000 hivi za mifereji na mito ya England na Wales, linasema ni vigumu sana kwao kuridhika na boti ambayo kwa mwaka haijatanua mwendo wake angalau maili 20 kutoka ncha hadi ncha. Wana watu wanaopita kuandika namba za boti. Usiporidhisha, leseni inafupishwa au inanyimwa, na mwisho wa njia hiyo boti inaweza kuondolewa. Leseni yenyewe inazidi pauni 1,000 kwa mwaka kwa boti za urefu huo, na tangu Aprili 2024 wasio na gati wanaongezewa malipo ya ziada yanayopanda mwaka hadi mwaka.

Sasa chukua hayo uyaweke kwa muuguzi wa zamu. Leo yuko dakika kumi kutoka hospitalini; mwezi ujao yuko saa moja na nusu. Anatoka zamu ya usiku hajiwezi kwa usingizi, na kesho siku zake zinaisha, lazima asogee.

Tulijaribu. Yule mama wa Kighana aliporudi alikuwa anahama kutoka Victoria Park, akatukaribisha tumsaidie. Tuliingia mfereji mdogo wa Hertford Union, wa tangu 1830, urefu wa kilomita mbili tu na malango matatu ya kushuka. Lango ni chumba cha mawe chenye milango mizito mbele na nyuma. Unaingiza boti, unafunga, unafungua vidirisha vya chini kwa mkono wa chuma, maji yanatoka na wewe unashuka nayo kama uko kwenye lifti isiyo na haraka. Milango unaisukuma kwa mgongo. Nilidhani ni mchezo mpaka yule mama alipofoka: "Angalia nyuma yako!" Chini ya milango ya nyuma kuna kizingiti cha mawe kilichojitokeza, kisichoonekana maji yakiwa juu. Tezi ya boti ikikaa juu yake wakati maji yanashuka, nyuma inanasa, mbele inaendelea kushuka, na boti inajaa maji kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuandika aya hii. Tangu hapo sikuondoa macho kwenye ile alama nyeupe ya ukutani inayoonyesha kizingiti kinapoishia.

Baada ya malango tukaingia mto Lee uliogeuzwa mfereji, tukapanda kaskazini mpaka Springfield. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili nne kwa saa. Akina mama wenye vigari vya watoto walitupita. Safari nzima ilichukua karibu saa nne. Kaka alishika usukani saa mbili za mwisho. Alikuwa amesimama nyuma, kofia imeshuka mpaka masikioni, mkono mmoja kwenye mti wa usukani, na sura aliyokuwa nayo sikuwa nimeiona tangu baba yetu yuko hai. Nikaandika kwenye daftari langu: huyu si mwendawazimu. Hiyo ndiyo ripoti niliyompelekea Mama, pamoja na namba.

Namba zilikuwa hivi. Leseni, bima, dizeli, gesi, makaa ya mawe, lami ya tumbo, na akiba ya matengenezo: kwa hesabu yake zilifika kama pauni 480 kwa mwezi, ukiacha bei ya kununulia. Ni nafuu kuliko chumba, ila si bure kama wengi wanavyodhani. Na boti si kiwanja, ukiiacha inazeeka. Kuna benki inayotaka anwani ya nyumbani, na mwajiri, na barua. Daktari wa mtaa haruhusiwi kukukataa kwa kukosa uthibitisho wa anwani, na hata kupiga kura kuna fomu ya wasio na makazi ya kudumu, lakini kila dirisha utaeleza upya, na kwa lafudhi yetu unaeleza mara mbili.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Atafute kidogo. Chombo kikubwa ni cha mtu mwenye wanawe."

Mwezi Juni, mimi nikiwa nimesharudi kazini, kaka alinunua. Futi 40, iliyoundwa mwaka 2003, pauni 28,500. Ndani ni mbaya ajabu, kapeti la zambarau na harufu ya mbwa, ndiyo maana bei ilishuka. Mkaguzi ni yuleyule mzee. Ubavuni kwenye mstari wa maji: 5.3. Kaka alinitumia picha ya ile namba ya chaki kabla ya picha nyingine yoyote. Alibakisha fedha za dharura, na zilizobaki akazituma Tanga. Zimetosha mbao na mabati ya upande mmoja. Upande wa pili mbuzi bado wanao.

Juzi Mama kanipigia. Anashona mapazia ya kanga kwa ajili ya madirisha ya boti, vipimo alipewa na kaka, na kuna jirani anasafiri. Akanituma nimuulize nduguye mtu anwani, ili mzigo ufike mlangoni. Nikamuuliza. Kaka akajibu kwamba yuko Tottenham, ila jirani asipofika kabla ya Alhamisi amtafute Enfield, maana siku zake kumi na nne zinaisha.